Mpira Mweupe Kwenye Bomba la Mama Mkwe

Nyumbani kwa Mzee Hategekimana, asubuhi ilianza na kitambaa. Kabla ya chai, kabla hata ya kuwafungulia mbuzi, Isimbi alichukua kitambaa cha buluu kilichoning'inia nyuma ya mlango akafuta meza, redio, baiskeli na miwani ya babu yake. Msichana huyu alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu apate akili hakuwahi kuona vumbi likikaa siku mbili katika nyumba ile. Babu yake, ambaye yeye alimwita Sogokuru kwa Kinyarwanda, alikuwa fundi wa mabomba kwa miaka ishirini na tisa katika kiwanda cha chokaa pale Bugarama. Kiwanda kilifungwa zamani, lakini vumbi lake jeupe lilimwachia mzee mazoea ambayo hayakumtoka.

"Umefuta kengele ya baiskeli?" mzee aliuliza akiwa kitandani.

"Nimefuta, Sogokuru."

"Na chini ya kiti?"

"Na chini ya kiti."

Chini ya kiti hakuwa amefuta. Lakini nani angeinama kuangalia chini ya kiti cha baiskeli? Isimbi alitundika kitambaa mahali pake akaenda kuchochea moto wa chai, wala hakuliwaza jambo hilo tena.

Ilikuwa likizo ndefu, na siku hiyo haikuwa kama nyingine. Kiwanda kile cha chokaa kilikuwa kimepata mmiliki mpya, naye alitaka kukifufua. Tatizo lilikuwa moja: michoro ya mabomba yote ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa kabatini. Hakuna aliyejua tena bomba lipi linakwenda wapi, isipokuwa Mzee Hategekimana na daftari lake la gamba jekundu, ambamo alikuwa ameandika vipimo vyote kwa mkono wake. Basi wakamwita. Na kwa kuwa macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu, Isimbi aliruhusiwa kwenda naye ili amsomee.

Walipita njia ya mashamba ya mpunga. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinua migongo wakamsalimu mzee, maana alikuwa amevaa kofia yake ngumu ya kazi, ya manjano, iliyopauka kwa miaka.

"Eh, Mzee! Umerudi kazini?"

"Nimeitwa!" alijibu, na kifua kikamjaa. Isimbi hakuwa amemwona akitembea upesi namna ile tangu bibi yake afariki.

Waliingia ndani ya jengo la tanuri. Mabomba yalijaa kutoka sakafuni hadi darini, makubwa na madogo, yamepindana na kupishana, yote meupe kwa chokaa. Isimbi aliona chuma kikuukuu tu. Sogokuru aliona watu.

"Lile pale juu tuliliita Kwaya," alisema akinyoosha kidole. "Asubuhi hewa ikifunguliwa lilikuwa linaimba, na sauti mbili, nakuambia! Na hili lililopita chini, la mvuke, unaliona? Hili ni Mama Mkwe."

"Mama Mkwe? Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa huwezi kumpita bila kuinamisha kichwa, na ole wako umguse!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Lilikuwa la moto sana. Tulitundika makopo yetu ya chakula karibu nalo, saa sita bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, vikawa vya moto kama vimetoka jikoni sasa hivi. Rafiki yangu Mulume, wa kutoka Bukavu, ndiye alianzisha. Alipinda waya akatengeneza ndoano ya kutundikia kopo lake. Ah, Mulume! Angalikuwepo leo."

"Bonjour, Papa! Karibuni!" sauti ya mwanamke iliita kutoka nyuma ya tangi.

Huyo alikuwa Odette, mpimaji aliyetoka Kamembe. Alizaliwa na kukulia Bukavu, upande wa Congo, ng'ambo ya mto, kabla wazazi wake hawajarudi Rwanda, na Kiswahili chake kilikwenda mbio na kuchanganyika na Kifaransa. Kando yake, juu ya miguu mitatu, palisimama mashine ndogo isiyozidi ukubwa wa kopo la maziwa.

"Hiyo ndiyo itapima kiwanda kizima?" Isimbi aliuliza, na hakuficha mashaka yake.

"Usiidharau, ma chérie. Inarusha mwanga wa leza kila upande. Mwanga ukigonga kitu unarudi, na mashine inajua kitu hicho kiko mbali kiasi gani. Kila mahali mwanga unapogonga ni nukta moja. Ikishazunguka, inakuwa na nukta mamilioni, na kompyuta inajenga kiwanda hiki ndani yake, na urefu wake, na upana, na kimo. Unaweza kukizunguka kama uko ndani."

Kisha Odette alionyesha mipira myeupe, mikubwa kama machungwa, iliyonasa kwenye mabomba kwa sumaku.

"Sasa sikilizeni vizuri, bakubwa na batoto. Mashine haiwezi kuona kila pembe ikiwa mahali pamoja. Naiweka hapa inapima, halafu naihamisha kule inapima tena. Kompyuta inaunganisha vipimo hivyo kwa kutazama mipira hii. Mpira ukisogea, kila kitu kinasogea. Hakuna muntu wa kuigusa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," wote walijibu, pamoja na mhandisi wa kiwanda aliyesimama kando, na Isimbi ndiye aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kazi ikaendelea vizuri. Mashine ilizunguka taratibu, Odette akaihamisha, ikazunguka tena. Mzee alitaja mabomba, Isimbi akasoma daftari, na yule mhandisi, Bwana Kayitare, akaandika. Saa sita walitoka kula kivulini, Isimbi akatumwa ndani kuchukua chupa ya maji ambayo Sogokuru alikuwa ameisahau.

Ndipo alipouona. Mpira mmoja, ule ulionasa juu ya Mama Mkwe, ulikuwa umeangukiwa na chokaa kutoka darini. Nusu yake nzima ilifunikwa na vumbi. Mkono wa Isimbi ulikwishaingia mfukoni, kwenye kitambaa cha buluu, kabla kichwa hakijafikiri. Kufuta si kugusa, alijiambia. Na mashine itaonaje mpira mchafu? Alifuta mara moja, mara mbili, na mara ya tatu mpira ukang'oka na kubaki mkononi mwake.

Alitazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Haraka haraka aliurudisha, sumaku ikanasa, tak! Aliuangalia. Ulikuwa palepale. Au karibu na palepale. Alichukua chupa ya maji akatoka nje, akala viazi vyake bila kusema neno.

Jioni Odette aliwaita ofisini kuona picha ya kwanza. Isimbi alisahau hofu yake yote. Kumbe kweli! Kiwanda kilikuwa ndani ya kompyuta, kimeumbwa kwa nukta tupu, na Odette alikizungusha kwa kidole kimoja. Mzee alisogeza uso karibu na kioo akawa anataja majina, Kwaya, Mama Mkwe, na yale mengine yote.

"Sasa tulinganishe," alisema Bwana Kayitare. "Kutoka ukutani hadi kiungo cha mwisho cha bomba hili la mvuke. Mzee, daftari linasemaje?"

Isimbi alisoma: "Mita tatu na sentimita arobaini."

Odette aligusa vitufe. "Hapa naona tatu na ishirini na moja."

Akagusa tena, namba ikabaki ileile.

"Haiwezekani," alisema mzee. "Mimi na Mulume tulipima mara tatu."

"Lini hiyo, Mzee?"

"Mwaka tuliobadilisha bomba. Miaka kama ishirini na mitano imepita."

Bwana Kayitare hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa haraka. Alilifunga lile daftari jekundu kwa upole na kumrudishia mzee. "Mzee wangu, tunakushukuru sana. Lakini leza haina umri. Muntu anachoka, anasahau, ni kawaida. Kesho asubuhi karakana ya Kamembe inaanza kukata mabomba mapya, nasi tutafuata vipimo vya mashine. Wewe pumzika nyumbani sasa, usijisumbue tena."

Mzee Hategekimana aliitazama mikono yake. "Pengine," alisema polepole. "Pengine nilikosea."

Isimbi alijua ni ule mpira. Alijua. Alijua kabisa! Lakini mdomo ulikataa kufunguka. Aliogopa Odette angemfukuza, aliogopa Bwana Kayitare angemkasirikia, na zaidi ya yote aliogopa uso wa Sogokuru.

Njiani kurudi wanawake wa shamba la mpunga waliita tena, mzee akapunga mkono tu. Nyumbani alivua kofia ya manjano akaiweka ndani ya sanduku la bati, na daftari juu yake, akafunga. Siku zote wakati wa kula alisimulia habari za kiwanda. Leo alikula kimya.

"Isimbi, nimewafungia mbuzi?" aliuliza ghafla.

"Umewafunga, Sogokuru. Tumewafunga pamoja sasa hivi."

"Hebu nenda uangalie. Siku hizi sijiamini."

Akaenda kuangalia. Mlango wa zizi ulikuwa umefungwa vizuri, na fundo la kamba lilikuwa lilelile la kifundi ambalo mzee alilifunga kila siku. Isimbi alisimama pale akilia. Yeye ndiye aliyegusa mpira, halafu mzee wa watu ndiye anayejiona kichwa chake kimeharibika. Haki iko wapi hapo? Alijifuta machozi kwa kitambaa kilekile cha buluu, akarudi ndani.

"Sogokuru," alisema akiwa bado mlangoni. "Hukukosea. Ni mimi."

Akamweleza yote: vumbi, kitambaa, mpira uliong'oka, na jinsi alivyourudisha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliurudisha palepale?"

"Nilifikiri ni palepale. Sijui. Naomba unisamehe."

Isimbi alitegemea kufokewa, hata kupigwa kofi. Badala yake aliona mabega ya babu yake yakinyooka kidogo kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nimekasirika," alisema mzee. "Nimekasirika sana, usifikiri sikukasirika. Umeniona nikiinamisha kichwa ofisini, ukanyamaza. Hilo limeniuma kuliko mpira." Alivuta pumzi. "Lakini umesema. Kesho alfajiri utamwambia Odette kwa mdomo wako. Mimi nitasimama karibu nawe, ila sitakusemea hata neno moja."

Asubuhi mzee alitoa tena kofia na daftari sandukuni, wakafika kiwandani kabla Odette hajamaliza kupakia vyombo vyake kwenye gari. Isimbi alimwendea Odette. Alianza mara mbili akashindwa, mara ya tatu maneno yakatoka yote kwa mkupuo.

"Mungu wangu!" Odette alishika kiuno. "Nilisema nini jana? Nilisema hakuna muntu wa kugusa!"

"Ulisema, Maman Odette."

"Na ukajibu tumeelewana!"

"Nilijibu."

Odette alifungua mdomo kuendelea, kisha akaufunga. Alitoa kompyuta garini, akaiwasha juu ya boneti, akaangalia kwa muda mrefu. Alipoinua uso, hasira yake ilikuwa imepungua.

"Njoo uone," alisema. "Umeusogeza upana wa vidole viwili tu. Lakini nilipoihamisha mashine, ikaamini mpira huo, ikageuza picha nzima kidogo. Vidole viwili hapa karibu; kule mwisho wa bomba ikawa shubiri nzima. Na unaona alama hii ya njano? Jana kompyuta ilinionya. Nikajiambia ni mtetemo wa malori barabarani, nikapita. Kwa hiyo na mimi nina langu la kumwambia Injinia."

Akapiga simu palepale. Mafundi wa karakana walikuwa wamekwisha weka bomba la kwanza kwenye mashine ya kukatia, wakasimamishwa kabla msumeno haujalamba chuma. Bwana Kayitare alifika kwa pikipiki, kola imekaa upande, jasho linamtiririka.

Mashine ilizunguka upya, kituo baada ya kituo. Chokaa ilianguka tena kutoka darini, ikautia vumbi mpira mmoja. Isimbi aliuona. Mikono ikamwasha, lakini akaiweka mgongoni, ikashikana huko. "Maman Odette," aliita, "mpira ule umechafuka." Odette alikuja na brashi laini akaupangusa mwenyewe, akamkonyeza.

Saa tisa namba ikatoka. Odette aliisoma kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie.

"Mita tatu na sentimita arobaini!"

Bwana Kayitare alivua kofia yake. Alimshika mzee mkono kwa mikono miwili. "Mzee, nilikuvunjia heshima mbele ya mjukuu wako. Nakuomba msamaha mbele yake vilevile. Kama tungekata leo asubuhi, mabomba yote ya Kamembe yangekuwa vyuma chakavu. Daftari lako tunalihitaji, na wewe mwenyewe tunakuhitaji kuliko daftari."

"Yamekwisha," alisema mzee, lakini sauti ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameinamia kompyuta. "Binti yangu, hebu kuza hapa. Chini ya Mama Mkwe. Hicho kitu kidogo."

Odette alikuza. Nukta zilisogea, zikaongezeka, na katikati yake ikaonekana ndoano ya waya, imepindwa kwa mkono, ikining'inia pembeni ya bomba.

"Ni Mulume," mzee alinong'ona. "Ni ndoano ya Mulume. Bado iko." Machozi yalimtoka bila haya. "Nilimzika mwaka wa kwanza wa kustaafu kwetu, na kopo lake nikalipeleka Bukavu kwa mke wake. Ndoano sikuikumbuka. Sisi tumeisahau, mashine imeiona."

Kisha Odette aliuliza kwa upole kila bomba liliitwaje wakati ule, na mzee akataja, naye akaandika majina hayo ndani ya mchoro, kila moja mahali pake. Pale kwenye ndoano aliandika: Mulume.

"Tupige ya mwisho," alisema. "Hii si ya Injinia, ni yetu. Papa, nenda ukae pale ulipokuwa ukila, usitingishike kwa dakika tatu."

Mzee alivaa kofia yake ya manjano akaketi juu ya tofali chini ya Mama Mkwe. Mashine ilizunguka. Isimbi alibana pumzi kana kwamba yeye ndiye anayepimwa. Picha ilipotoka, Sogokuru alikuwa ndani ya kiwanda chake, ameumbwa kwa nukta, na ndoano ya rafiki yake iko juu ya bega lake.

"Sogokuru, umeinamisha kichwa!"

"Ulitaka nimwinulie mama mkwe kichwa? Nina adabu, mimi!" Wote wakaangua kicheko, hata Bwana Kayitare.

Walirudi kwa njia ya mpunga, jua likiwa limeelekea upande wa milima ya Congo. Mzee alitembea polepole, ameshika bega la mjukuu wake.

"Isimbi, ulipofuta ule mpira hukuwa na nia mbaya," alisema. "Kila mtu anaharibu. Mimi katika miaka yangu ishirini na tisa niliharibu mengi, na Mulume alinizidi. Lakini tulikuwa na sheria yetu: ukikosea kipimo, unapiga kelele saa ileile, hata kama bosi amesimama nyuma yako. Kwa sababu vidole viwili unaweza kuvisahihisha kwa dakika moja. Ukinyamaza, mwenzako anaunga bomba lake kwenye kosa lako, na mwingine anaunga kwenye la yule, mpaka mwisho mtu asiye na hatia anaambiwa ni mzee, aende akapumzike. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Sogokuru. Safari hii kweli."

Kesho yake asubuhi kitambaa cha buluu kilitoka nyuma ya mlango kama kawaida. Kilipita mezani, kwenye redio, kwenye miwani, kwenye baiskeli.

"Umefuta kengele?" iliuliza sauti kutoka kitandani.

"Nimefuta."

"Na chini ya kiti?"

Isimbi alisita, mkono ukiwa tayari umeinuliwa kutundika kitambaa.

"Hapo sijafuta, Sogokuru," alisema. "Na juzi pia sikufuta. Ngoja nifute sasa."

Akainama chini ya kiti cha baiskeli, akafuta, na kutoka chumbani akamsikia mzee akicheka peke yake.